Haiti: taifa lililolipishwa uhuru wake (uzi mrefu, tusome taratibu)

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Tangu polisi wa Kenya watue Port-au-Prince Juni 2024, kila mada ya Haiti inayofunguliwa humu haivuki ukurasa wa pili kabla mtu hajaandika "hao wamelaaniwa" au "mtu mweusi ukimwachia nchi ndiyo hivyo". Inaniuma, kwa sababu wanaoandika ni weusi wenzangu, na nchi wanayoisema ndiyo ya kwanza duniani ambako watumwa waliwashinda mabwana zao vitani na kusimamisha dola yao.

Nitaandika kwa vipande. Hoja yangu naiweka mezani mapema: umaskini wa Haiti una tarehe, una hesabu, na una sahihi za watu. Ukiifuata fedha utaelewa mengi. Dhambi za watawala wao wenyewe nazo sitazificha, maana zipo na ni nzito.

Kisiwa hicho cha Karibi kilikuwa cha Wataino. Columbus alifika Desemba 1492, meli yake ya Santa María ikakwama usiku wa Krismasi pwani ya kaskazini, na mbao zake ndizo zilizojengea ngome ya kwanza ya Wahispania. Hazikupita hata miaka sitini, wenyeji walikuwa karibu wameisha: kazi za migodi ya dhahabu, ndui, na upanga. Mwaka 1503 gavana Nicolás de Ovando alipokelewa kwa heshima na malkia Anacaona wa Xaragua. Machifu waliokuja kumlaki walichomwa moto ndani ya nyumba walimokusanyika. Anacaona mwenyewe alinyongwa.

Mwaka 1697, kwa mkataba wa Ryswick, theluthi ya magharibi ya kisiwa ikawa ya Ufaransa. Wakaiita Saint-Domingue, wakaijaza miwa, kahawa na watu waliotekwa Afrika. Kufikia 1789 eneo hilo dogo lilitoa karibu asilimia 40 ya sukari na zaidi ya nusu ya kahawa iliyotumika Ulaya. Watumwa walikuwa karibu 500,000. Weupe walikuwa 30,000 na ushei, na machotara na weusi huru walikaribia idadi hiyo.

Wengi wa watumwa hao walikuwa wamezaliwa Afrika. Sababu yake inatisha: watu walikufa upesi kuliko walivyozaliwa, kwa hiyo meli ziliendelea kuleta wengine kutoka Kongo, kutoka Dahomey, na miaka ya 1780 hata kutoka Msumbiji, huku kwetu Bahari ya Hindi.

Tazameni kinu cha sukari msimu wa mavuno. Muwa ukishakatwa lazima ukamuliwe haraka kabla haujachacha, kwa hiyo kinu kinazunguka usiku kucha. Anayekilisha, mara nyingi mwanamke, anasukuma miwa kwa mikono katikati ya magurudumu ya chuma. Akisinzia, kidole kikishikwa, mkono wote unafuata. Ndiyo maana shoka liliwekwa karibu, mkono ukatwe kabla mwili haujavutwa ndani. Ukikimbia, sheria ya mfalme ya 1685 ilikuwa wazi: mara ya kwanza unakatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani, mara ya pili unakatwa mshipa wa mguu, mara ya tatu unauawa.

Kipande cha vita kinafuata.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeweka kambi. Mkuu, kabla hujaendelea, tusaidie hili. Kanisani tumeambiwa kwamba usiku wa kuanza vita walichinja nguruwe wakaikabidhi nchi kwa shetani, na ndiyo maana hadi leo hawapumui. Sibishi, nataka kujua tu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umeuliza kwa heshima nami nitajibu kwa heshima.

Kinachosimuliwa ni hiki. Katikati ya Agosti 1791 watumwa wa mashamba ya uwanda wa kaskazini walikutana usiku mahali paitwapo Bois Caïman kupanga uasi. Aliyeongoza ni Dutty Boukman, na pamoja naye anatajwa kuhani wa kike Cécile Fatiman. Walichinja mnyama, wakala kiapo cha kutosalitiana. Basi. Wapiganaji wa Maji Maji walipewa maji ya Kinjekitile, Mau Mau nao walikula kiapo porini, na hatusemi kwamba Tanzania na Kenya zilikabidhiwa kwa shetani. Vodou ni dini iliyotokana na imani za Dahomey na Kongo zikachanganyika na watakatifu wa Kikatoliki. Mtu anaweza kutoiamini bila kuigeuza kuwa sababu ya njaa ya watu.

Hadithi ya mkataba na shetani ilivuma sana Januari 2010, mhubiri mmoja wa televisheni wa Marekani alipoisema hewani wakati maiti bado ziko chini ya vifusi vya tetemeko. Hati iliyowatesa Wahaiti kwa vizazi ipo, na aliyeitia sahihi ni mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa. Tutaifikia.

Usiku wa 22 kuamkia 23 Agosti 1791 mashamba ya kaskazini yakaanza kuwaka. Boukman aliuawa Novemba na kichwa chake kikatundikwa hadharani Cap-Français, lakini uasi ulikuwa umeshapata viongozi wengine. Mmoja wao ni Toussaint Louverture. Alizaliwa mtumwa katika shamba la Bréda, akawa mwendesha gari la farasi wa msimamizi, akajua kusoma na dawa za mitishamba, akapata uhuru wake miaka ya 1770. Alipoingia vitani umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50.

Vita hivyo vilikuwa vya pande nyingi. Hispania na Uingereza nazo ziliitaka koloni hiyo tajiri. Kamishna wa Ufaransa Sonthonax, akiwa amezidiwa, alitangaza uhuru wa watumwa wa kaskazini tarehe 29 Agosti 1793, na bunge la Paris likafuta utumwa katika makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Huwa tunafundishwa kwamba Ulaya ndiyo iliyofuta utumwa kwa huruma. Angalieni mfuatano wa tarehe: moto kwanza, sheria baadaye. Toussaint, aliyekuwa akipigana upande wa Hispania, akahamia upande wa Ufaransa. Waingereza waliondoka 1798 wakiwa wamezika maelfu ya askari, wengi kwa homa ya manjano. Mwaka 1801 alitoa katiba iliyomfanya gavana wa maisha.

Hapa niseme jambo ambalo wanaompenda Toussaint huliruka. Alitaka sukari iendelee kutoka, kwa sababu bila sukari hakuna silaha. Akawarudisha watu mashambani kwa amri ya jeshi. Walilipwa fungu la mazao, ndiyo, lakini hawakuruhusiwa kuondoka. Mpwa wake, Jenerali Moïse, aliyeonekana kuwaunga mkono wakulima waliogoma, aliuawa kwa risasi Novemba 1801 kwa amri ya mjomba wake. Likumbukeni hili tunavyoendelea: dola inataka mazao ya kuuza nje, mwananchi anataka kipande chake cha ardhi apande muhogo na ndizi bila kuamriwa na mtu. Mvutano huo unapita katika historia yote ya Haiti.

Mwaka 1802 Napoleon alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, na makumi ya maelfu ya askari. Toussaint aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa tarehe 7 Juni, akafungiwa katika ngome ya Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura. Alifia humo tarehe 7 Aprili 1803. Lakini huku nyuma zilifika habari kwamba Guadeloupe utumwa umerudishwa, na hapo hata majenerali weusi waliokuwa wamejisalimisha wakageuka. Sanité Bélair, mwanamke luteni, alipigwa risasi pamoja na mumewe Oktoba 1802, na inasimuliwa kwamba alikataa kufungwa kitambaa machoni. Leclerc akafa kwa homa ya manjano. Mrithi wake, Rochambeau, aliagiza mbwa kutoka Kuba wa kurarua watu.

Jean-Jacques Dessalines akachukua uongozi. Tarehe 18 Novemba 1803, kwenye pigano la Vertières, Jenerali François Capois alipanda mlima kuikabili mizinga. Farasi wake akapigwa akaanguka, yeye akainuka na upanga akaendelea kwa miguu. Masimulizi yanasema Wafaransa walisitisha moto kwa muda ili kumpa heshima. Tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, uhuru ukatangazwa, na nchi ikarudishiwa jina la wenyeji wa kale.

Hadi leo, kila tarehe 1 Januari, Wahaiti hunywa supu ya boga. Inaelezwa kwamba zamani mtumwa aliipika lakini hakuruhusiwa kuinywa.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, uzi mtamu sana, ila usitupambie. Dessalines si ndiye aliyeua weupe wote baada ya ushindi? Naomba hilo nalo uliweke.

Mleta uzi

Naliweka bila kulilainisha. Mapema 1804 aliamuru Wafaransa waliobaki wauawe, wakiwemo wanawake na watoto. Makadirio ni kati ya watu 3,000 na 5,000. Waliponea wachache, wakiwemo madaktari kadhaa, na askari wa Poland. Hao Wapoland waliletwa na Napoleon kupigana, na baadhi yao wakaasi wakajiunga na watumwa. Katiba ya 1805 iliwapa haki ya kuwa raia na kumiliki ardhi, haki ambayo weupe wengi walinyimwa, na ikatamka kwamba Wahaiti wote wataitwa weusi, rangi yoyote waliyonayo. Wazao wa Wapoland hao wapo hadi leo, hasa kijiji cha Cazale.

Dessalines naye hakudumu. Tarehe 17 Oktoba 1806 aliuawa na maofisa wake mwenyewe pale Pont-Rouge, na nchi ikagawanyika. Kaskazini Henri Christophe akajifanya mfalme, akajenga ngome ya Citadelle juu ya mlima kwa kazi ya kulazimisha ya maelfu ya raia. Kusini Alexandre Pétion akawa rais, akawagawia askari na maofisa ardhi, akampa Simón Bolívar silaha na hifadhi mwaka 1816 kwa sharti moja, kwamba awaachie huru watumwa wa nchi atakazozikomboa. Miaka kumi baadaye mataifa mapya ya Amerika yalipokutana Panama, Haiti haikualikwa. Marekani, yenye watumwa wake majumbani, ilikuwa imeshaiwekea vikwazo vya biashara mwaka 1806 na haikuitambua hadi 1862.

Christophe alijiua Oktoba 1820. Jean-Pierre Boyer, mrithi wa Pétion, akaiunganisha nchi, na mwaka 1822 akatwaa pia upande wa mashariki. Huyu Boyer ndiye aliyekuwa ikulu manowari zilipokuja.

Julai 1825. Baron de Mackau anatia nanga Port-au-Prince akiwa na hati ya mfalme ya tarehe 17 Aprili. Nyuma yake kuna kikosi cha manowari 14 na mizinga ipatayo 500. Hati inasema mfalme "anawapa" wakazi uhuru wao, uhuru ambao walikuwa nao kwa miaka 21, kwa masharti mawili. La kwanza, bidhaa za Ufaransa zilipe nusu ya ushuru bandarini. La pili, Haiti ilipe faranga milioni 150 kwa awamu tano, kuwafidia waliokuwa wamiliki wa mashamba.

Fidia ya nini? Ya ardhi, ya nyumba, na ya watu. Thamani ya shamba la miwa ilihesabiwa pamoja na watumwa waliokuwemo. Yaani mtu aliyejikomboa kwa damu alilipishwa bei ya mwili wake mwenyewe, na malipo yakaenda kwa aliyekuwa akimchapa.

Tuifanye hesabu polepole. Awamu moja ni milioni 30. Mapato ya serikali ya Haiti kwa mwaka yalikuwa kama sehemu moja ya sita ya kiasi hicho. Kwa hiyo ilibidi wakope, na walikopa Paris kwenyewe. Mkopo uliandikwa milioni 30, lakini mabenki yalikata milioni 6 kwanza. Haiti ilipata milioni 24, ikabaki inadaiwa 30 na riba yake. Pengo likazibwa kwa kukomba hazina ya nchi. Hapo imelipwa awamu moja tu, na tayari taifa lina madeni mawili, la mfalme na la mabenki. Wahaiti wenyewe huliita deni la mara mbili.

Awamu ya pili iliwashinda. Mwaka 1838 Ufaransa ikakubali kupunguza kilichobaki hadi milioni 60, kilipwe kwa miaka 30. Ukijumlisha na ile 30 ya mwanzo unapata milioni 90.

Na nani alilipa? Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Haikulipa Port-au-Prince. Sukari ilikuwa imekufa na mashamba makubwa, lililobaki ni kahawa, na kahawa ilikuwa ya mkulima mdogo milimani. Anabeba gunia lake hadi kwa mnunuzi, na kwenye bei anayopewa ushuru wa kuuza nje umeshakatwa. Ushuru huo ndio uliokwenda Paris. Mwaka 1826 Boyer alitunga sheria ya mashamba iliyomkataza mkulima kuhama bila kibali, ili mazao yatoke na deni lilipwe. Watu wakapanda zaidi milimani, mbali na askari. Shule hazikujengwa, barabara hazikujengwa, na dola ikazoea kwamba mwananchi ni wa kukamuliwa tu.

Mchangiaji wa tatu

Dah. Sasa hapo mimi sielewi. Watu waliompiga Napoleon wanaogopaje manowari 14? Boyer si angekataa tu, wakishuka nchi kavu wapigwe tena?

Mleta uzi

Dada, swali hilo Wahaiti wenyewe wamelibishania kwa miaka 200. Kuna mambo matatu, na la tatu ndilo linaloniuma zaidi.

Manowari hazikuhitaji kushusha askari. Zingefunga bandari, na nchi inayoishi kwa kahawa ikifungiwa bandari inakufa taratibu. Halafu Haiti ilikuwa peke yake. Bila kutambuliwa, kila mwaka inalisha jeshi kubwa ikisubiri uvamizi.

La tatu ni tabaka. Waliotawala kusini, wengi wao machotara na maofisa, walikuwa wamejichukulia mashamba ya Wafaransa na walitaka hati zisizoweza kudaiwa na mtu. Kutambuliwa na Ufaransa kuliwahakikishia mali zao. Tena Pétion mwenyewe aliwahi kupendekeza fidia mwaka 1814. Christophe kule kaskazini aliikataa katakata. Kwa hiyo bunduki ilikuwa ya Ufaransa, lakini sahihi ya kukubali ilitolewa na watu ambao wasingelipa wao. Mkulima wa kahawa hakuulizwa.

Naendelea, na hapa nitakwenda haraka.

Fidia yenyewe ilimalizika kulipwa mwaka 1888, lakini mikopo iliyochukuliwa kuilipa ilizaa mikopo mingine. Mwaka 1880 ikaanzishwa Benki ya Taifa ya Haiti. Jina zuri, ila makao yake yalikuwa Paris, chini ya benki ya Crédit Industriel et Commercial, na serikali ya Haiti ilikatwa ada ikiweka fedha na ikatwe tena ikizitoa. Baadaye mabenki ya New York yakaingia. Tarehe 17 Desemba 1914 wanamaji wa Marekani walishuka kutoka meli ya Machias, wakaingia benki hiyo mchana kweupe, wakabeba masanduku ya dhahabu ya dola 500,000 na kuyapeleka New York.

Julai mwaka uliofuata, rais Vilbrun Guillaume Sam aliuawa na umati baada ya wafungwa wa kisiasa kuchinjwa gerezani. Siku hiyohiyo Wamarekani wakashuka, wakakaa hadi 1934. Walijenga barabara kwa kuwakamata wakulima na kuwafanyisha kazi bure, tena wengine wakiwa wamefungwa kamba. Katiba ya 1918 iliruhusu wageni kumiliki ardhi, jambo lililokatazwa tangu Dessalines. Charlemagne Péralte aliongoza uasi, akauawa 1919 na askari walioingia kambini kwake wamejipaka masizi usoni. Walimfunga maiti kwenye mlango, wakampiga picha, wakasambaza picha hizo wawatishe watu. Watu waliiona picha wakamwona Kristo msalabani, na Péralte akawa shujaa wa kudumu. Mabaki ya madeni yalimalizika kulipwa mwaka 1947.

Uchunguzi wa gazeti la New York Times mwaka 2022 ulikadiria jumla ya malipo ya fidia na mkopo wa kwanza kuwa faranga milioni 112, sawa na dola milioni 560 za leo. Fedha hiyo ingebaki nchini ikazunguka, hasara yake kwa uchumi ni mabilioni mengi ya dola.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, nakubaliana na mengi ila kuna jiwe moja kwenye mchele. Jamhuri ya Dominika iko kisiwa hichohicho, mvua ileile, vimbunga vilevile. Wenzao wana hoteli na barabara. Ukisema kila kitu ni 1825 unawaachia viongozi wa Haiti waondoke wasafi.

Mleta uzi

Kaka, hoja yako ina uzito, na jibu langu litakupa nusu ya unachotaka.

Kwanza mashariki ilijitenga na Haiti mwaka 1844, ikaacha kubeba mzigo wa fidia, wala enzi za ukoloni haikuwa kiwanda cha sukari cha kiwango kile. Koloni ya Hispania ilikuwa ya wafugaji wachache na ardhi kubwa. Haiti ilianza uhuru ikiwa na udongo uliochoka na mashamba yaliyoungua.

Lakini takwimu za uchumi zinaonyesha kwamba mwaka 1960 pato la mtu mmoja katika nchi hizo mbili lilikuwa karibu sawa. Pengo kubwa limefunguka baada ya hapo. Kwa hiyo hapa lazima tutaje majina ya Wahaiti. François Duvalier alichaguliwa 1957, akajitangaza rais wa maisha, akaunda kikosi cha Tonton Macoute kilichoua na kutesa maelfu. Alipokufa 1971 alimwachia nchi mwanawe Jean-Claude, kijana wa miaka 19. Huyo aliiba na kutanua hadi wananchi walipomfukuza tarehe 7 Februari 1986, akaenda kuishi Ufaransa. Madaktari, walimu na mainjinia walikimbia. Wengi walikwenda Montréal na New York, na wengine walikuja Afrika: baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, walimu na wataalamu wa Haiti waliajiriwa huko kwa mamia kujaza nafasi za Wabelgiji. Haiti ilimsomeshea jirani yetu watoto huku shule zake zikifungwa midomo.

Nikubaliane nawe, basi: Duvalier hakutumwa na Charles wa Kumi. Ila alikalia kiti cha dola iliyozoea tangu Boyer kumkamua mkulima bila kumpa kitu, na wakati wa vita baridi Marekani ilimvumilia kwa sababu aliwapinga wakomunisti.

Mkulima huyo hakuachwa hata baada ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hofu ya homa ya nguruwe ya Afrika, nguruwe wote wa kienyeji waliteketezwa kwa shinikizo na fedha za Marekani. Nguruwe yule mweusi mdogo ndiye aliyekuwa akiba ya familia. Ada ya shule, msiba, harusi, vyote vilitoka kwake. Walioletwa badala yake walitaka banda la saruji na chakula cha kununua. Kisha mwaka 1995 ushuru wa mchele wa nje ulishushwa hadi asilimia 3, mchele wa Marekani wenye ruzuku ukafurika, na wakulima wa bonde la Artibonite wakashindwa kuuza. Bill Clinton mwenyewe aliomba radhi kwa sera hiyo mwaka 2010. Walioacha mashamba walikwenda wapi? Port-au-Prince, kwenye vibanda vya mabondeni na milimani. Ndiyo nyumba zilizowaangukia jioni ya tarehe 12 Januari 2010. Tetemeko la ukubwa wa 7.0 linaua watu wengi kiasi kile pale tu ambapo watu wamejazana katika nyumba mbovu. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kupita 300,000. Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kikatokea mtoni karibu na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kiliua karibu watu 10,000, na Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi 2016.

Mchangiaji wa kwanza

Nimesoma mara mbili. Kilichobaki kwangu ni haya ya leo. Hao magenge wametoka wapi, na je, kuna anayedai hiyo fedha irudi?

Mleta uzi

Magenge yana mizizi kwenye mtindo wa wanasiasa na matajiri kuwalipa vijana wenye silaha wakati wa uchaguzi na kulinda maslahi yao. Rais Jovenel Moïse alipouawa nyumbani kwake tarehe 7 Julai 2021, hapakuwa tena na wa kuwashika. Haiti haitengenezi bunduki. Ripoti za Umoja wa Mataifa zinaonyesha nyingi zinaingizwa kwa magendo kutoka Marekani, hasa Florida. Kikosi kilichoongozwa na Kenya kiliidhinishwa na Baraza la Usalama Oktoba 2023 kwa mpango wa watu 2,500, na hakikuwahi kufikia hata nusu ya hapo. Baadhi ya polisi wa Kenya wamepoteza maisha huko, Mungu awarehemu. Septemba 2025 baraza likaamua kiundwe kikosi kikubwa zaidi cha kupambana na magenge.

Kuhusu fedha: mwaka 2003 rais Jean-Bertrand Aristide aliidai Ufaransa hadharani irudishe, akataja kiasi hadi senti, dola 21,685,135,571.48. Tarehe 29 Februari 2004, waasi wakiukaribia mji mkuu na Marekani na Ufaransa zikimshinikiza, aliondolewa nchini kwa ndege ya Marekani. Serikali iliyofuata ililifuta dai hilo mwaka huohuo.

Tarehe 17 Aprili 2025, miaka 200 kamili tangu hati ya Charles wa Kumi, rais Emmanuel Macron alikiri kwamba Haiti ilitendewa dhuluma, akatangaza tume ya pamoja ya wanahistoria wa nchi mbili. Habari ya kurudisha fedha hakuigusa. Lakini waliolipwa si siri. Kuanzia 1828 serikali ya Ufaransa ilichapisha orodha yao Paris, majuzuu sita: jina la familia, shamba lilikokuwa, na kiasi alichopewa. Tume ikitaka pa kuanzia, ianze na majuzuu hayo.